Wasini na Mama: twende Agosti, au tungoje bahari itulie?

BintiKisauni

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri, na nitashukuru zaidi nikijibiwa na mtu aliyeingia bahari ile mwenyewe, si wa kusikia.

Mama yangu ana miaka 68. Kwao ni Vanga, akaletwa Mombasa na ndoa akiwa msichana. Bibi yake amezikwa Wasini, na tangu siku ile ya maziko Mama hajakanyaga tena kisiwani. Mwaka huu ametaja mara tatu, bila ya kuulizwa, kwamba angependa kukiona. Kaka yangu yuko Jeddah, anataka kuja tumpeleke pamoja. Nina watoto watatu, wa miaka 6, 9 na 12, na wao wameshaona picha za pomboo na matumbawe ya Kisite, ile mbuga ya baharini nje ya Wasini, basi nyumba nzima haizungumzi kingine.

Shida ni tarehe. Kaka lazima amwambie mwajiri wake kabla ya mwisho wa mwezi huu: ama Agosti, ama kuanzia katikati ya Novemba. Shule zimefungwa nyakati zote mbili. Yeye anapendelea Agosti kwa sababu Jeddah wakati huo ni jiko, na kwetu kuna baridi kidogo. Mtu mmoja wa kupangisha safari ameniambia mwaka mzima ni sawa tu, pomboo wapo kila siku. Lakini mimi nakumbuka marehemu baba akisema Agosti si mwezi wa kumpandisha mtu mzima chomboni. Mama ana magoti, na akipanda hata feri ya Likoni siku ya upepo hushika kichwa.

Nifanyeje?

NahodhaMstaafu

Waaleikum salaam dada. Baba yako alikuwa anaijua bahari.

Nimeendesha mashua za wageni Shimoni, pale bara panapovukiwa kwenda Wasini, miaka mingi. Pomboo ni kweli wapo mwaka mzima, wale hawahami. Lakini kuwapo pomboo ni jambo moja na kuweza kuwatazama ni jambo jingine. Agosti ni kusi. Upepo unatoka kusini-mashariki, unaanza kushika tangu Aprili au Mei, na Juni, Julai, Agosti ndiyo nguvu yake. Ukishatoka nyuma ya kisiwa cha Wasini, ukaacha visiwa vya Mpunguti ya Juu na Mpunguti ya Chini, kuelekea Kisite hakuna tena cha kukukinga. Mawimbi yanakuja ubavuni. Maji yanachafuka mchanga, mtoto anavaa miwani, anainamisha uso, haoni mwamba wala samaki, anaona maziwa. Na ni baridi: maji ya Agosti huwa karibu nyuzi 25, ya Machi yanafika 29. Mtoto wa miaka sita atatetemeka baada ya dakika kumi.

Novemba upepo wa kusi umekwisha na kaskazi haijashika. Kipindi hicho tunakiita matlai, bahari inalala. Mwambie kaka yako Novemba.

NyotaYaTudor

Naheshimu maneno ya nahodha, ila naomba niseme na upande wa pili, maana mimi nilikwenda Agosti na sijutii.

Kuanzia Julai hadi Septemba nyangumi wenye nundu wanapita pwani yetu. Wanatoka bahari za baridi za kusini kabisa, wanakuja maji ya joto kuzaa. Tulitoka Shimoni saa kumi na mbili u nusu, jua halijapanda, na tukamwona mmoja na mtoto wake. Kwanza tulisikia pumzi, kama mtu anayefungua gurudumu la lori. Halafu mgongo mweusi, mrefu, ukapita polepole mpaka nikadhani hauishi. Mume wangu alilia. Novemba hulipati hilo.

Lakini niseme ukweli wote. Binti yangu alitapika kwenda na kurudi. Na yule tuliyemlipa alituchelewesha pale kisiwani mpaka saa nane mchana, upepo umeshapanda, mashua ikawa inapiga maji paa, paa, paa, na jaketi za kuokolea maisha zilikuwa nne kwa watu tisa. Mama mkwe wangu aliyekuwa nasi hajapanda chombo tena tangu siku hiyo. Kwa hiyo kama ungekuwa unakwenda wewe na kaka yako watu wazima, ningesema Agosti, mtoke alfajiri. Kwa Mama, hapana.

BintiKisauni

Dada Nyota umenitia hamu na hofu kwa pamoja. Ahsante kwa kusema yote.

Nahodha, nimeangalia, Novemba ni vuli. Je, hatutaloa wiki nzima?

NahodhaMstaafu

Vuli si masika. Masika, hasa Mei, mvua inashuka siku kutwa. Vuli hunyesha usiku au alfajiri, ikamaliza, jua likatoka. Yako mawingu ya mchana, sikatai, na iko miaka ambayo vuli huzidi ikaharibu barabara. Lakini mvua bila upepo haimdhuru mtu baharini. Kinachodhuru ni upepo.

Sasa kuna jambo ambalo watu wa Mombasa wengi hulisahau, nalo kwa mgonjwa wa magoti ni kubwa kuliko msimu: maji. Angalia mwezi wa Kiislamu kabla ya kuchagua siku. Mwezi ukiandama na siku mbili tatu baadaye, na tena mwezi 15 mpaka 17, ni bamvua. Siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne, saa tano asubuhi, saa hizo hizo mnazotaka kupanda na kushuka. Boti inabaki mbali, mnatembea kwenye mawe yenye utelezi, au mnashuka ngazi ndefu zenye mwani. Mwezi 7, 8 na mwezi 22, 23 ni maji mafu. Bahari haipwi sana wala haijai sana, na asubuhi hiyo maji yako juu. Mama anaingia chomboni kama anayepanda matatu. Watoto nao watapata mkondo mdogo wakiogelea.

MvumbaWaKisiwani

Dada, nimesoma tangu juu na naona wote mmeshika Kisite. Mama yako hakutaja Kisite. Ametaja Wasini.

Mimi ni mzaliwa wa Wasini. Kutoka Shimoni mpaka kwetu ni mlango mwembamba wa bahari, na kisiwa chenyewe kinauzuia ule upepo wa kusi. Watoto wetu wanavuka kila siku, Agosti na Desemba. Kisite ni safari nyingine, nje kabisa, na ndiko kunakotapisha watu. Usizifunge safari hizi mbili kwenye tiketi moja. Mlete Mama kisiwani, alale, akae na watu. Watoto na mjomba wao waende Kisite asubuhi moja, yeye abaki anakunywa kahawa na wenziwe wa makamo. Nyumba za kulala wageni zipo, si za fahari, lakini watu ni wako. Sisi wa Wasini na Vanga ni Wavumba, na Mvumba hampotezi Mvumba. Akitaja jina la bibi yake mbele ya wazee, watampeleka mpaka kaburini.

Kisiwani hakuna magari. Njia ni za mawe, kwa hiyo mnunulie Mama viatu vya kufunga, asije na kandambili. Ile njia ya mbao ya kina mama wa kijiji, inayopita juu ya mikoko na mawe ya matumbawe ya kale, inapendeza sana, lakini mwende polepole, mbao nyingine huchakaa. Na maji matamu kwetu ni ya mvua na ya kuletwa. Chukueni ya kunywa ya kutosha, msitutegemee.

UmmuAsma

Nakubaliana na kaka Mvumba. Mimi naongeza ya nyumbani tu.

Mama asipande chomboni na tumbo tupu wala na tumbo la mahamri ya mafuta. Mkate mkavu, chai ya tangawizi. Akae tezi, si omo, pale katikati ya boti au nyuma ndipo pasiporuka, na atazame nchi kavu, asitazame simu. Kama ana dawa za presha muulize daktari wake kwanza kuhusu vidonge vya kichefuchefu, usimpe tu cha dukani.

Watoto wavae fulana za mikono mirefu majini, kwa sababu mgongo ndio unaoungua mtu akielea uso chini. Wafundishwe kabisa wasisimame juu ya matumbawe. Jaketi zihesabiwe *kabla* ya kulipa, na ya mtoto wa miaka 6 iwe ya saizi yake. Mukipita kijijini, leso ya kujifunga juu ya nguo za kuogelea. Tiketi ya mbuga ya Kisite-Mpunguti hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa serikali, basi muimalize nyumbani Mombasa, kule mtandao hukatika.

NyotaYaTudor

Na msipite Likoni asubuhi ya Jumatatu. Siku hizi iko njia ya Dongo Kundu, Mama hatalazimika kupanda feri.

NahodhaMstaafu

Nakubali, mvumba kanipiku. Mlango wa Wasini hata kusi huvukika, mradi iwe asubuhi. Ila kwa hao watoto bado nasema Novemba. Wakiingia maji safi mara ya kwanza wataipenda bahari maisha yao yote. Wakiingia maji ya Agosti wataiogopa.

KijanaWaBamburi

Samahani kuingilia. Mbona msingoje Januari au Februari? Maji ndiyo yanang'aa kabisa, na watu wanasema papa shilingi, yule papa mkubwa wa madoadoa, huonekana.

NahodhaMstaafu

Maji yanang'aa kweli, na papa shilingi huonekana msimu huo, mwenye bahati humwona. Lakini mwanangu, umesoma swali? Kaka ana nafasi mbili tu, na watoto Januari wako shule. Tena kaskazi nayo ikishika hupiga mchana.

BintiKisauni

Nimewasomea wote wakati wa chai ya jioni, Mama amekaa hapa ubavuni. Kaka Mvumba, ulipofika pale pa jina la bibi yake, ameniambia nisome tena. Kisha akalitaja, na jina la baba yake bibi, na kwamba nyumba yao ilikuwa karibu na msikiti, ina mkwaju mlangoni. Mimi sijawahi kuyasikia haya, na nina miaka 41.

Nimempigia kaka. Ameuliza moja tu, kama Agosti Mama anaweza kuvuka mlango, nikamwambia anaweza. Akanyamaza. Halafu akasema watoto nao wana haki yao. Amechukua Novemba. Tutalala Wasini siku nne, tukizungukia mwezi 7 na 8 kama alivyosema nahodha. Kisite watakwenda asubuhi moja na mjomba wao. Mimi nitabaki na Mama.

Kaka Mvumba, ule mkwaju bado upo?

MvumbaWaKisiwani

Upo mmoja mkubwa nyuma ya msikiti, vijana wanapumzika chini yake saa za adhuhuri. Kesho asubuhi nitamuuliza shangazi yangu nyumba ile ilikuwa ya nani, nitakuletea jibu hapa hapa.