Daftari la Mjomba

*Mjomba Mikindani:* Asalaam aleikum wana ukoo. Nilikuwa napanga magunia ya korosho stoo, chini ya sanduku la marehemu mama nimekuta daftari langu la darasa la sita. [Picha]

*Binti Ligula:* Shikamoo mjomba. Hicho Kiarabu?

*Mjomba Mikindani:* Marahaba mwanangu. Hapana, herufi nilizibuni mwenyewe. Na lugha pia. Mchwa wamekula pembe moja tu, alhamdulillah.

*Kaka Dar:* 😳 Zinasomwaje?

*Mjomba Mikindani:* Chuoni kwa mwalimu wa Kurani tulifundishwa fatha, kasra, dhumma. Yaani a, i, u. Sasa Kiswahili bila e na o utakiandikaje? Swali hilo lilininyima usingizi. Nikabuni herufi zinazogeuzwa. Mfano b, ni kijino. Kikitazama juu unasoma ba, chini bi, kulia bu, kushoto be. Ukikitia nukta tumboni, bo. Wingi ni kurudia neno: lumo samaki, lumolumo samaki wengi.

*Binti Ligula:* Mjomba, kule Guinea ndugu wawili, Ibrahima na Abdoulaye Barry, walibuni herufi za Kifulani wakiwa watoto, 1989. Zinaitwa Adlam. Leo zinaandikika hadi kwenye simu.

*Mjomba Mikindani:* Watoto kama mimi! Na mimi niliacha kwa sababu mwalimu alisema napoteza wino. Miaka yote hii, moyo wangu ulikuwa bado humu. Nimekaa juu ya gunia, kazi imesimama.

*Kaka Dar:* Hata Zamenhof alianza lugha yake ya kubuni, Esperanto, akiwa mwanafunzi, akaja kuichapisha 1887. Endelea nayo mjomba.

*Mjomba Mikindani:* Naendelea leo leo. Ila ukurasa wa mwisho kuna mstari siuwezi. [Picha]

*Mama Mkubwa Lindi:* Mdogo wangu, mwandiko huo si wako. Ni wangu.

*Mjomba Mikindani:* Dada! Kumbe ulijifunza?

*Mama Mkubwa Lindi:* Nilikuwa nakuchungulia ukiandika. Siku ile ulinyimwa chakula cha usiku kwa kupoteza ndoo kisimani. Hapo nimeandika: "Ming'oko yako ipo chini ya kawa. Kula kimya."

*Binti Ligula:* 😭😭

*Mjomba Mikindani:* Niliikuta ile ming'oko. Nikadhani kaniwekea mama.

*Mjomba Mikindani:* [Picha] Dada, nimekujibu. Soma.

*Mama Mkubwa Lindi:* Ngoja nivae miwani... Herufi ya pili umeigeuza. Hiyo be, wewe ulitaka bu.