Mama ana baridi yabisi, damu 9.1 ila feritini "iko sawa". Nimpe vidonge vya chuma au niache?

Kijana_wa_Feri: Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 61, baridi yabisi inamtesa vidole na magoti kwa miaka sasa. Anatumia methotreksati, dawa ya kutuliza baridi yabisi, kila wiki, na diklofenaki ya maumivu karibu kila siku, maana bila hiyo hata chapati hasukumi. Siku hizi anahema akipanda ngazi. Vipimo: Hb (wingi wa damu) 9.1, CRP (kipimo cha uvimbe mwilini) 48, feritini (akiba ya chuma) 64. Karatasi ya maabara imeandika feritini ni ya kawaida, na wa duka la dawa kasema chuma anacho, asimeze kitu. Mama mdogo naye ameshaleta FEFO, vile vidonge vya chuma na foliki, na dumu la juisi ya rozela. Kliniki ni wiki ijayo. Aanze vidonge au?

MamaJunior: Pole sana. Mpe FEFO, matembele na maini. Mimi nikiwa mjamzito damu ilipanda chap.

Mpemba_Asilia: Dada, ujauzito na baridi yabisi ni vitu viwili. Kwetu Pemba kulikuwa na utafiti mkubwa wa kuwapa watoto wadogo chuma na foliki. Mwaka 2003 vikundi vya chuma vilisimamishwa kwa sababu waliolazwa na kufa walizidi, na matokeo yakatoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet 2006. Chuma si pipi.

Darubini: Mpemba yuko sahihi, ila amalizie: kwenye utafiti huo huo, watoto waliopimwa wakakutwa wana upungufu wa chuma kweli walinufaika. Shida ni kugawa bila kupima, tena penye malaria.

Sasa mkuu, hiyo 64 isikudanganye. Feritini ni ghala la chuma, lakini hupanda pia mwili ukiwa na uvimbe wa ndani, na CRP 48 inasema uvimbe upo. Ndiyo maana WHO wana viwango viwili: kwa mtu mzima asiye na uvimbe, upungufu ni chini ya 15, mwenye uvimbe au maambukizi, chini ya 70. Maabara nyingi huchapa cha kwanza tu.

Kinachotokea ni hivi. Chuma kingi cha damu hakitoki kwenye chakula. Makrofeji, zile seli za kinga zilizojaa kwenye bandama na ini, hula chembe nyekundu zilizozeeka na kurudisha miligramu 20 hadi 25 za chuma kila siku. Utumbo unaongeza 1 au 2 tu. Uvimbe ukiwaka, seli za kinga hutoa interlukini-6, kemikali ya kupeana taarifa, ini likapokea na kutengeneza homoni ya hepsidini, nayo hufunga mlango wa kutolea chuma kwenye makrofeji na kwenye utumbo. Mwili unawanyima bakteria chuma. Kwa baridi yabisi hakuna bakteria wa kunyimwa, kwa hiyo anayekosa ni uboho unaotengeneza damu. Limfosaiti T, seli nyingine za kinga, nazo zinahitaji chuma ili zizaliane, hivyo upungufu wa muda mrefu unadhoofisha hata kinga yenyewe.

Kwa hiyo vidonge peke yake vinaweza kupita bure wakati hepsidini iko juu. Kutuliza ugonjwa wenyewe ndiko kunakofungua njia: wagonjwa wanaopewa tosilizumabu, dawa inayozuia interlukini-6, mara nyingi Hb yao hupanda. Bei yake ni balaa, lakini.

Kliniki omba kipimo cha transferini saturesheni, yaani kiasi cha chuma kilichobebwa kwenye damu. Ikiwa chini ya asilimia 20 na feritini hiyo, huenda ana yote mawili, uvimbe na upungufu. Halafu tafuteni upungufu unatoka wapi. Diklofenaki hutoboa tumbo kimyakimya. Choo chake kikoje? Uliza kabla ya FEFO, kwa sababu FEFO nayo hufanya choo kiwe cheusi.

Kijana_wa_Feri: Nimemuuliza. Anasema ni cheusi na kinanata, tangu kabla mama mdogo hajaja. Alikuwa anaona haya kusema.

Darubini: Basi huenda ni damu inayovuja tumboni, na hiyo haisubiri kliniki. Mpeleke hospitali leo hii, na karatasi zote na dawa zote anazotumia. Diklofenaki asiguse tena. Methotreksati wataamua huko huko, na wanaweza kumpima kundi la damu.

MamaJunior: Nenda na ndugu wa kutoa damu kabisa. Mkifika tupe mrejesho.

Kijana_wa_Feri: Bajaji iko mlangoni. Mama mdogo anakuja na sisi.