Nimehamia Addis Ababa kikazi, marafiki mnawapataje huku?

Binti_Chumbageni

Habari zenu wakuu. Nimehamia Addis toka Tanga kwa mkataba wa miaka miwili, nakaa upande wa Bole, kazi ni uhasibu kwenye shirika la misaada. Kazini hamna shida kabisa, shida inaanza nikitoka ofisini. Watu wa huku wana adabu kweli, mkipishana anainama kidogo anakuuliza hali yako, ya nyumbani, ya wazazi, ila inaishia hapo hapo mlangoni. Kiamhari changu ni selam (salamu) na ishi (sawa) basi. Wikiendi nashinda ndani na blanketi maana hii mvua ya Julai na baridi yake hakuna aliyeniambia, afu ngazi za ghorofa ya tatu tu nafika juu nahema utadhani nimebeba gunia la nazi. Nasikia wageni wa mashirika na watu wa AU (Umoja wa Afrika) wana magrupu yao ya wasap, nijiunge huko au nihangaike na wenyeji? Mlioishi huku mlianzaje? Mi Muislamu ila nakaa na mtu yeyote.

MzeeWaKazanchis

Karibu Addis mwanangu. Kuhema kawaida, mji uko mita kama 2,300 juu ya bahari na we umetoka pwani, mwili utazoea wenyewe. Mvua nayo inakata Septemba, mwaka mpya wao ni tarehe 11 Septemba, utakuta jua limerudi na maua ya njano yamejaa kila mahali, usianze kutafuta tiketi ya kurudi kabla hujaiona Addis ya Septemba.

Sasa marafiki. Magrupu ya wageni jiunge, hayana hasara, ila elewa kila mtu mle ana mkataba kama wewe, unamzoea mtu, mnaanza kupikiana, unasikia anaaga anaenda Dakar. Nimeshasindikiza wengi sana pale uwanja wa ndege.

Wenyeji unawapata kwenye buna, yaani kahawa yao. Sisemi ile ya mgahawani unalipa unaondoka, nasema ya nyumbani. Mwenye nyumba, mlinzi, dada wa usafi ofisini, mmoja wao lazima atakuita, na ukiitwa usiseme niko bize. Utakuta nyasi zimetandazwa sakafuni, ubani unafuka, kahawa mbichi inaoshwa inakaangwa pale pale mbele yako, ikishaanza kutoa moshi mpikaji ananyanyuka na kikaango anakupitishia, we unauvuta moshi kwa kiganja kuelekea puani unasifia, ndo anaenda kutwanga na kuchemsha kwenye jebena, birika lao la udongo. Bisi zinazunguka kwenye sinia. Raundi ni tatu, abol, tona na baraka, na ukiondoka baada ya ya kwanza watakuona una haraka na maisha. Wanaanza na salamu ndefu, mambo yenyewe yanatoka raundi ya pili na ya tatu, mtoto kafeli, kodi imepanda, fulani anaolewa na familia haitaki. Hata kama huelewi nusu yake we kaa tu. Kesho yake ukipita wanakuita jina.

Na we una bahati ambayo wazungu hawana, saa zao ni kama zetu, saa mbili asubuhi ni saa mbili asubuhi. Ila fundi akikwambia kwa Kiingereza anakuja "two o'clock" muulize ni ya habesha (wenyeji) au ya ferenji (wageni), maana wengine wanageuza na wengine hawageuzi, utakaa unasubiri bomba litengenezwe mpaka jioni. Na mkataba wa nyumba ukiona umeandikwa mwaka wa nyuma miaka saba au nane usishtuke, kalenda yao ndo hiyo, miezi 13.

Msee_wa_Nai

Mzee kwa heshima sikubaliani na wewe hapo kwa wageni. Mimi ni Mkenya, nilifanya kazi huko, na watu walionishikilia nilipokuwa mgonjwa walikuwa Watanzania na Wanyarwanda wa pale AU. Walihama ndiyo, lakini bado tunapigiana simu na sasa nina mahali pa kulala Kigali na Dar bila kulipa hoteli. Mtu akiwa mpya anahitaji kuongea lugha yake angalau mara moja kwa wiki, vinginevyo kichwa kinachoka. Dadangu, Kiswahili ni lugha ya kazi ya AU tangu Februari 2022, kwa hivyo wasemaji hawakosi, na tarehe 7 Julai ni siku ya Kiswahili duniani, uliza ubalozi wenu au wetu kama kuna kitu wanafanya, hata kama imepita uliza tu, utapewa namba ya mtu. Halafu Novemba kuna ile mbio ya Great Ethiopian Run, kilomita 10, mji mzima unatoka na fulana za rangi moja. Wengi hata hawakimbii, wanatembea wakiimba. Jiandikishe na watu wa ofisi yako, mazoezi yake peke yake yatakutoa kwenye blanketi.

UmmuSalma

Mdogo wangu salaam aleikum. Hao wanaume wamesahau tumbo. Bucha za huku zimetengana, angalia alama ya mwezi au msalaba mlangoni, Wakristo wa Orthodox nao hawali nyama tuliyochinja sisi, na nguruwe wala wao hawagusi. Kwa hiyo mkitoka na wenzio wa kazini agizeni beyaynetu, ni injera, ule mkate wao mpana laini, na mboga mboga na dengu juu yake, wote mnakula sinia moja hakuna anayejiuliza. Jumatano na Ijumaa wanafunga, hamna nyama, maziwa wala mayai, na Kwaresima yao ni siku 55, usije ukamwalika mtu pilau ya nyama Ijumaa ukadhani amekudharau. Na akikukatia tonge akakulisha mdomoni pokea, hiyo ni gursha, ukimkatalia ndo umemuudhi.

Kilichonifungulia mimi milango ni equb. Ni mchezo tu kama wetu, mnachanga kila mwezi anapewa mmoja. Mashosti wa ofisini walikuwa nao, nikaomba niingie, wakashangaa mgeni anaujuaje, nikawaambia sisi tumelelewa na mchezo. Siku ya kuchanga tunakutana kwa mtu, hapo hapo buna, hapo hapo umbea. Mkishaaminiana pesa mengine yanakuja yenyewe. Na ukiona turubai limefungwa mtaani kwako na viti vimepangwa ujue kuna msiba, vaa nguo ya giza, ingia ukae. Usiseme kitu, hamna anayetegemea ujue lugha. Majirani wana iddir yao ya kuzikana, kila mtu anachangia, na watakukumbuka kwamba ulikuja kuliko watakavyokukumbuka kwa zawadi yoyote.

Msikiti Anwar uko Merkato, Ijumaa nenda mapema. Simu weka mbali huko sokoni.

Binti_Chumbageni

Shikamoo Mzee, shikamoo Ummu, na kaka wa Nai asante. Nimesoma hii nikacheka maana mlinzi wetu aliniambia juzi Jumapili mkewe anakaanga kahawa nikamwambia nina ripoti. Leo nimemfuata mwenyewe nikamuuliza kama Jumapili hii bado ipo, kasema ipo saa tisa, nikamuuliza ya habesha akacheka sana. Sasa naenda na nini? Mikono mitupu siwezi, nyumbani wataniua.

UmmuSalma

Kilo ya sukari au kahawa mbichi. Na kama ulikuja na kanga mpelekee mkewe pea moja, ila usimpe mbele ya watu wote.

Msee_wa_Nai

Na usile lunch. Bisi ni za kuanzia tu, lazima italetwa injera.