Paris: mnatutuma tukapigwe kwenye mitaa ya watalii, halafu mnasema chakula cha Kifaransa ni ghali

Wakuu, hasira hii nimelala nayo siku mbili, leo naitua hapa hapa jukwaani mlikonipotezea.

Niko Paris kwa mafunzo ya wiki mbili, mimi wa Dar na dada mmoja wa Mombasa tuliyekutana darasani. Kabla sijasafiri nilisoma humu kila nilichokikuta kuhusu kula Paris, kisha nikauliza kwa adabu: mtu mwenye posho ndogo anapata wapi chakula cha Kifaransa chenyewe, kule wanakokula wenyeji, mbali na misururu ya watalii? Mlijibu watu kama tisa. Saba kati yenu mlinielekeza kule kule: vichochoro vya Saint-Michel, ng'ambo ya mto ukitokea Notre-Dame. Migahawa imejaa, bei poa, huwezi kukosa. Mmoja akasisitiza kwamba ameishi Ufaransa miaka sita, kwa hiyo tumwamini.

Tulimwamini. Jumanne jioni tukaenda.

Mlangoni kuna kijana anaita wapita njia kwa Kiingereza, ameshika menyu yenye picha za vyakula na bendera za nchi sita. Ndani, hata hatujafungua menyu, mhudumu ameshaleta chupa mbili za maji na kuzifungua mbele yetu. Hatukuagiza. Kwenye bili kila chupa ilikuwa euro 7.50.

Hayo ningeweza kumeza. Hili siwezi. Yule dada ni Mwislamu, na ndiyo maana alichagua samaki. Akamuuliza mhudumu mara mbili, taratibu kabisa, kama humo mna nyama ya nguruwe. Akaambiwa hamna, ni samaki na dengu tu. Sahani ikaja: kipande cha salmoni kilichokauka pembeni, chini yake dengu za kijani, na ndani ya dengu vipande vidogo vya mraba, rangi ya waridi, ukubwa wa punje ya mahindi. Wafaransa wanaviita lardons. Ni nguruwe. Alikuwa ameshakula vijiko viwili. Akaweka uma chini, akafuta mdomo, akanyamaza. Nilipomwita mhudumu akajibu kwamba hiyo siyo nyama, ni ya kutia ladha.

Mtu ameuliza mara mbili! Na sahani ile wakakataa kuitoa kwenye bili.

Mimi nilikula supu ya vitunguu, jibini juu limeungua, katikati vuguvugu. Ikaja mashine ya kadi. Kabla ya namba ya siri inaniuliza nimwongezee mhudumu asilimia 10, 15 au 20, naye amenisimamia hapo anasema huduma haimo kwenye bei. Ni uongo mtupu. Ufaransa bei ya mgahawa inabeba huduma ndani yake, na kuna agizo la serikali la mwaka 1987 linalotaka bei zinazobandikwa ziwe hivyo. Sikulijua siku ile. Nikabonyeza 10. Jumla euro 93.50 kwa watu wawili, mmoja wao ameondoka na njaa. Kwa pesa ya nyumbani hiyo ni zaidi ya laki mbili na nusu.

Jina la mgahawa silitaji. Nikiutaja mtakimbilia wa mlango wa pili, na wa mlango wa pili ni yale yale.

Sasa nakuja kwenu.

Mnaotoa ushauri humu mmewahi kujiuliza kwa nini maeneo yale yanapika vibaya na kutoza sana? Mteja wa pale harudi. Leo yuko Saint-Michel, keshokutwa yuko uwanja wa ndege. Mpishi hana sababu ya kumwonea haya, kesho watashuka wengine. Gazeti la Le Parisien mwaka 2025 liliwatuma watu wawili kwenye meza za namna hiyo, mmoja akijifanya Mmarekani na mwingine Mfaransa wa kawaida, na aliyejifanya Mmarekani alilipa zaidi. Kwa hiyo Wafaransa wenyewe wanalijua tatizo hili na wanaliandika. Sisi humu ndio tunaendelea kupokezana ramani ya kwenda kupigwa, kwa sababu kila mmoja alikula pale siku moja, akapiga picha, akaona haya kusema kwamba chakula kilikuwa kibovu.

Aliyenitoa gizani ni mlinzi wa jengo tunakosoma, baba mmoja wa Bukavu. Alinisikia nalalamika kwa Kiswahili kwenye simu, akaja. Nilipomsimulia alisikitika kweli kweli, hasa habari ya yule dada. Akaniambia, "Fwata batu ba kazi saa ya midi," yaani fuata wafanyakazi saa sita mchana. Akatutajia na kituo cha kushukia, Ménilmontant, kule mashariki ya mji.

Alhamisi tukashuka pale saa sita na robo mchana. Hakuna anayeita mtu mlangoni. Tukatembea mitaa miwili ya pembeni mpaka tukaona mgahawa ambao mafundi bomba wanne walikuwa wanaingia na nguo zao za kazi, vumbi la saruji bado kwenye magoti. Dirishani kuna ubao wa chaki, mwandiko wa mkono: vya kuanzia vitatu, vyakula vikuu vitatu, vitamu viwili, basi. Chini limeandikwa neno formule na bei, euro 16.50. Unachukua cha kuanzia na chakula kikuu, au chakula kikuu na kitamu.

Tumekaa tu, jagi la maji ya bomba limefika. Bure. Kikapu cha mkate kimefika, bure, na kilipoisha kikaja kingine. Kumbe ni utaratibu wa nchi nzima tangu mwaka 1967: ukiagiza mlo, mkate na maji ya bomba vimo kwenye bei. Na tangu Januari 2022 sheria inautaka mgahawa uandike mahali panapoonekana kwamba maji ya kunywa yapo bure ukiomba. Unasema "une carafe d'eau", inatosha. Maneno matatu haya yangetuokolea euro 15 Jumanne, na katika majibu yenu tisa hakuna hata mmoja aliyeyaandika.

Dada akauliza swali lake lile lile. Mama wa kaunta hakujibu kwa kubahatisha. Aliingia jikoni, tukamsikia anaongea na mpishi, akarudi: nguruwe hamna, lakini mchuzi wa samaki umetiwa divai nyeupe, kwa hiyo mpishi atampikia kipande chake kwa siagi na limau peke yake. Samaki akaja hivyo hivyo, na viazi vya kuponda na vitunguu vya majani vilivyoiva mpaka vinayeyuka. Alimaliza sahani, akaifuta na mkate. Mimi nilikula blanquette, nyama ya ndama iliyochemshwa polepole kwenye mchuzi mweupe wa krimu, na karoti zilizokatwa kwa mkono, nene hapa, nyembamba pale. Tulilipa euro 33. Hakuna aliyetaja asilimia yoyote. Kahawa tukainywa tumesimama kaunta, maana kwenye mikahawa mingi ya huku kahawa ya kaunta ni nafuu kuliko ya kukaa mezani, na ya baraza la nje ndiyo inayopanda zaidi.

Haya, nawaandikia wengine wasipigwe kama sisi.

Kulani chakula kizito mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Formule hiyo ni ya wafanyakazi, jioni na wikiendi sehemu nyingi haipo, na mgahawa ule ule utakugharimu mara mbili. Kwenye mitaa ya kawaida bei yake ni euro 15 hadi 20 hivi. Fikeni saa sita na robo, kwa sababu saa saba kasoro meza zimejaa, na saa nane jiko linafungwa hadi saa moja usiku. Mgahawa wa kitongoji unapumzika alasiri. Ukikuta jiko linapika saa kumi jioni karibu na mnara au kanisa maarufu, mara nyingi linamsubiri mgeni asiyejua saa za kula za nchi hii.

Tazameni pia mlangoni kama kuna vibandiko vya titres-restaurant. Hizi ni hati za chakula ambazo mwajiri anamchangia mfanyakazi kati ya asilimia 50 na 60 ya thamani yake, nazo zipo tangu 1967, ingawa siku hizi nyingi ni kadi. Kibandiko peke yake hakitoshi, hata migahawa ya watalii inacho. Chungulieni ndani saa sita na nusu. Mkiona nusu ya meza wanalipa kwa kadi hizo na mhudumu anawasalimia kama watu anaowajua, ingieni. Watu hao watarudi kesho, na mpishi analijua hilo.

Alama nyingine ni kichoro cha sufuria yenye paa la nyumba juu yake. Maana yake "fait maison", chakula kimepikwa hapo hapo kutoka malighafi, na imewekwa kisheria tangu 2014. Na bei za vyakula sharti zibandikwe nje. Kama hazipo nje, pitilizeni, msiingie kuuliza. Neno lenyewe "menu" kwa Kifaransa ni mlo wa bei moja uliopangwa. Orodha ya vyakula inaitwa "carte". Ukiomba menu ukidhani unaomba orodha, unaweza kuletewa mlo mzima.

Nimeona majibu yameanza kuingia, nayajibu hapa.

Mkuu uliyeandika kwamba Paris ni ghali nikubali tu, sikubali. Nimekula vizuri kwa euro 16.50. Ghali ni kutojua, na nyie mnaojua mmekaa kimya.

Uliyesema tungeenda Château Rouge tule chakula cha Kikongo na cha Kisenegali, nakushukuru, tulikula pale Jumatatu na ni kitamu. Lakini sikuuliza hilo. Mtu akija Dar akaomba kuonja pilau, hutampeleka kula piza.

Dada uliyetaja bouillon, wewe peke yako ndiye uliyetoa kitu cha maana. Niongeze kwa wasiojua: hii ni migahawa iliyoanza karne ya 19, ile ya mchinja nyama Duval aliyewauzia watu wa soko la Les Halles nyama na supu yake kwa bei ya chini. Bouillon Chartier ipo tangu 1896, na miaka ya karibuni zimefunguliwa nyingine mpya, Pigalle mwaka 2017 kisha République. Watalii wapo tele na foleni ni ndefu, ila bei haijawapanda kichwani na wenyeji hawajapakimbia. Hapo hata jioni mtu wa posho anakula.

Na wewe wa miaka sita Ufaransa, nimekuuliza mara mbili jana jina la mgahawa mmoja, mmoja tu, unaokula kwa pesa yako mwenyewe siku ya kazi. Bado nasubiri. Kama huna, futa ule ushauri wako, kuna mtu anausoma sasa hivi akiwa anapanga safari.

Dada wa Mombasa anaondoka Ijumaa usiku. Tumebakiwa na mlo mmoja wa mchana, na nataka aondoke na kumbukumbu tofauti na ile sahani ya dengu. Safari hii tutakuwa kusini ya mto, upande wa arrondissement, yaani wilaya ya mji, ya 13 au ya 14. Anayepajua kweli aweke mtaa, bei ya formule, na siku aliyokula hapo mara ya mwisho. Kama hujawahi kula hapo, tafadhali usijibu.