Paneli ya 660/850 kwa ajili ya ubongo: dakika ngapi, umbali gani?

Kichwa_Kizito:
Wakuu, nina paneli ya kujimulika mwanga mwilini, LED 60, nusu nyekundu ya nanomita 660, nusu infraredi ya 850. Kwenye boksi wameandika miliwati 100 kwa kila sentimita ya mraba ukikaa umbali wa sm 15. Lengo ni umakini na kumbukumbu, siyo ngozi. Nianze na dakika ngapi? Nimulike utosini au kwenye paji la uso? Nywele ni fupi ila sijanyoa.

Fundi_Optiki:
Paji la uso, mkuu. Nywele nyeusi zinameza mwanga kabla haujafika ngozini, utaambulia joto tu. Hata pasipo nywele, ngozi, damu na fuvu vinakula karibu wote. Unaofika kwenye gamba la ubongo ni asilimia chache, pengine hata moja haitimii. Kwa hiyo zima swichi ya 660, maana nyekundu inaishia juujuu. Baki na 850.

Dakika usizipange kwa namba ya boksi. Wauzaji wengi hupima kwa mita ya jua (ile ya kupimia nguvu ya mwanga wa jua), na sensa yake ya silikoni inaiona infraredi kwa nguvu kuliko ilivyo, hivyo inasoma juu. Pima mwenyewe: chukua bati la alumini sm 10 kwa 10, unene mm 3. Paka upande mmoja rangi nyeusi isiyong'aa. Nyuma, katikati, bandika waya wa kupimia joto wa multimita kwa gundi ya karatasi, kisha funika kwa kipande cha stairofomu. Liweke sm 15 mbele ya paneli, upande mweusi ukiielekea, washa, soma joto baada ya sekunde 60 kamili.

Bati hilo lina gramu 81 hivi na linahitaji jouli 73 kupanda nyuzi moja. Kwa hiyo kila nyuzi iliyopanda ndani ya dakika ni kama miliwati 12 kwa sentimita ya mraba. Usisubiri dakika tano: bati likishapata moto linaanza kupoteza joto hewani na hesabu inaharibika. Feni ya chumbani izimwe pia.

Kichwa_Kizito:
Limetoka 26.0 hadi 29.5, kwa 850 peke yake.

Fundi_Optiki:
3.5 mara 12 ni miliwati 42, yaani jouli 0.042 kila sekunde kwa sentimita ya mraba. Ukitaka jouli 15 kwa sentimita ya mraba, ambacho ni kiwango cha chini cha kuanzia, gawa 15 kwa 0.042: sekunde 357, yaani dakika sita. Ukirudi nyuma hadi sm 30 usigawe kwa nne. Paneli pana yenye lenzi haifuati kanuni ya kwamba umbali ukizidi mara mbili, mwanga unapungua mara nne. Pima upya.

Neva_na_Nuru:
Naongezea kuhusu dozi. Mwanga huu unadhaniwa kufanya kazi kupitia saitokromu c oksidesi, kimeng'enya cha mwisho kwenye mnyororo wa nishati wa mitokondria. Ukizidisha, faida inapungua na hata kugeuka, kwa hiyo kuongeza muda mara tatu siyo kuongeza akili mara tatu. Mara tatu kwa wiki inatosha kuanzia.

Na tusiuziane ndoto. Jaribio la 2013 la Chuo Kikuu cha Texas, Austin, lililoonyesha watu wenye afya wakijibu haraka zaidi, lilitumia leza ya nanomita 1064, miliwati 250 kwa sentimita ya mraba, jouli 60 kwa sentimita ya mraba katika kila sehemu ya paji. Paneli yako siyo kifaa hicho. Kwa kiharusi, leza ya nanomita 808 ilijaribiwa ndani ya saa 24 za mwanzo, kichwa kikiwa kimenyolewa, nukta 20, dakika mbili kila moja. Jaribio la 2007 lilileta matumaini, la 2009 halikufikia lengo, la tatu likasimamishwa kabla ya kufikisha wagonjwa 1,000 waliopangwa. Mwenye kiharusi apelekwe hospitali, asimulikwe nyumbani.

Kichwa_Kizito:
Macho je? Hiyo 850 naiona kama imezimika, wekundu hafifu tu.

Fundi_Optiki:
Hapo ndipo penye hatari: jicho haliuoni vizuri mwanga huo, kwa hiyo halipepesi kujikinga. Miwani ya jua ya kawaida haitoshi, mingine inapitisha infraredi yote. Vaa vikinga macho vyeusi visivyopitisha kitu, vile vya kufunika jicho zima. Na paji likianza kuchoma, zima. Ngozi nyeusi inameza mwanga zaidi na inapata moto mapema; rudi nyuma sm 5, pima bati tena, ongeza sekunde.

Neva_na_Nuru:
Na kama paneli ina kitufe cha kumetameta, mwenye kifafa asikiguse.