Rilei ya watu wanne kwenye mbio za ndani, mnagawanaje vituo?

mama_section58

Habari zenu wadau. Niko Nakuru, sisi ni watu wanne wa ofisi moja, wanawake wawili na wanaume wawili, na tumejiandikisha rilei ya mchanganyiko kwenye mbio fulani za jimu zitafanyiwa ndani ya ukumbi huko Kisumu. Muundo wamesema ni ule wa HYROX, yaani unakimbia kilomita moja unaingia kituo cha kazi, unakimbia tena unaingia kingine, mpaka zitimie nane. Pesa tumeshalipa. Shida ni kwamba hatuelewani kabisa venye hii rilei inaendeshwa, na wiki yote hii saa ya lunch imekuwa ya kubishana tu.

Kuna kijana wetu wa Molo anakimbia vibaya sana, kilomita anaimaliza kwa dakika tatu na nusu na bado anaongea. Yeye anataka apewe raundi tatu ama hata nne ndio tushinde. Halafu kuna dada mmoja hajakimbia tangu amalize shule lakini ana nguvu, ndiye hubadilisha ule mtungi wa maji wa lita 20 ofisini bila kuita mtu. Sasa huyu ameanza kusema afadhali atoke asituangushe na mimi sitaki atoke, aki sitaki, kwa sababu hii kitu tuliianza pamoja. Wa nne ni mzee wetu wa stoo ana miaka 51, anatembea kwenda na kurudi kazini kila siku na hachoki. Mimi niko katikati tu, natoka kukimbia mara mbili kwa wiki.

Kwa hivyo naomba mwenye amewahi kufanya anisaidie. Mtu anaweza kukimbia zaidi ya mara mbili? Sisi wanawake tutasukuma uzito sawa na wa wanaume? Na mnaamuaje nani aingie kituo gani, kwa sababu saa hii kila mtu anataka ile mashine ya kupiga kasia na hakuna anataka sledi, lile gari la chuma bila magurudumu lenye limewekwa uzito unalisukuma ama kulivuta kwa kamba.

---

kocha_nyalenda

Dada, jambo la kwanza kabisa mwambie huyo dada wa mtungi asitoke. Ukifika mwisho wa hii komenti utaona kwa nini.

Raundi tatu hakuna. Kwenye rilei ya HYROX kila mtu anakimbia kilomita mbili na anafanya vituo viwili, nane gawa kwa wanne, basi. Hata mngekuwa na Kipchoge kwenye timu angekimbia mbili na kukaa chini. Na kilomita haiachani na kituo chake, ukikimbia wewe ni wewe unaingia kituo kinachofuata, ukimaliza ndio unampokeza mwenzako. Huwezi kukimbia wewe halafu mwingine akusukumie. Mpangilio wa nani anaanza na nani anafuata timu inajichagulia, lakini mbio zenu ni za jimu ya hapa sio za HYROX wenyewe, kwa hivyo waandaaji wawape sheria zao kwa maandishi kabla ya siku hio.

Uzito: kwenye rilei ya mchanganyiko kila mtu anatumia uzito wa jinsia yake. Kusukuma sledi mwanaume ni kilo 152 ukihesabu na sledi yenyewe, mwanamke ni 102. Kuvuta ni 103 kwa 78. Kubeba mizigo mikononi ni kilo 24 kila mkono kwa mwanaume na 16 kwa mwanamke, gunia la mchanga 20 kwa 10, mpira wa kurusha ukutani 6 kwa 4. Watu wengi wanachanganya hapa kwa sababu kwenye mbio za wawili wawili, mwanaume na mwanamke, huwa wanatumia uzito wa mwanaume wote. Hio ni mbio nyingine tofauti, pale wote wawili wanakimbia kilomita zote nane pamoja na wanagawana kazi ya vituo tu.

Sasa hesabu yenye itamaliza ubishi wenu. Tuseme kijana wa Molo anatumia 3:30 na dada 6:30. Tofauti ni dakika tatu kila kilomita, kwa kilomita mbili ni sita. Hizo dakika sita hazitapungua hata mkimweka wapi, kilomita ya kwanza na ya nane ni urefu ule ule. Kwa maneno mengine mbio zimeshagawanywa tayari na sheria, hapo hamna kitu cha kupanga, muache kubishania mbio. Kile mnapanga ni VITUO, na hapo ndio wakati unapotea ama kupatikana. Nimeona mtu mwepesi anakimbia kama swara, anafika kwa sledi inamkatalia, imeshikana na zulia, anasukuma hatua tatu anasimama, anasukuma mbili anasimama, mita 50 zinamla dakika saba na yule alikuwa nyuma yake mita 400 anampita akimwangalia. Na kwa upande mwingine mtu mwenye makalio na mapaja ya kazi anaisukuma bila kusimama, dakika mbili imeisha. Hapo kwa kituo kimoja dada wa mtungi amerudisha karibu zote sita. Raha nyingine ya rilei ni kwamba baada ya sledi unapokeza unaenda kupumzika, haukimbii na miguu ya mbao, anayekimbia ni mwenzako mwenye miguu mipya.

Vituo vinafuatana hivi: mashine ya kuskii (ile ya kuvuta kamba mbili kwenda chini) mita 1000, kusukuma sledi mita 50, kuvuta sledi mita 50, bapi za kuruka mbele (unalala kifua chini, unainuka, unaruka mbele) mita 80, kupiga kasia mita 1000, kubeba mizigo mita 200, kupiga magoti na gunia mabegani (hatua ndefu za kushusha goti moja moja mpaka chini) mita 100, na mwisho kurusha mpira ukutani mara 100. Sasa angalia vizuri. Mkizunguka kwa zamu, wa kwanza mpaka wa nne halafu tena wa kwanza mpaka wa nne, vituo vinajipanga vyenyewe. Wa kwanza anapata mashine zote mbili, skii na kasia. Wa pili anapata kusukuma na kubeba, hizo ni nguvu tupu. Wa tatu kuvuta na magoti. Wa nne bapi na mpira, hapo panataka mtu mwepesi mwenye pumzi. Mimi ningeweka wewe wa kwanza, dada wa mtungi wa pili, mzee wa tatu na Molo wa nne, amalizie.

---

omondi_wa_dunga

Kocha amesema yote. Naongeza tu kwamba dada asiogope 102, sledi haijui kama ulikimbia shuleni. Pale Kibuye kuna akina mama wanabeba gunia la viazi asubuhi kabla hujaamka, hao ukiwaweka kwa sledi utatafuta mahali pa kujificha.

---

shinyalu_runner

Mulembe. Kocha nakuheshimu lakini kwa mzee nakupinga kabisa. Mtu wa miaka 51 kumpa kuvuta sledi kilo 103, halafu baadaye mita 100 za magoti na gunia la kilo 20 mabegani? Kutembea kila siku ni kitu kizuri lakini goti lazima liguse chini kila hatua, na hio mita 100 ni hatua nyingi sana, ukizoea barabara tambarare goti litakushtaki kesho yake. Mimi mwenyewe nina miaka 44, nilifanya hayo magoti kwa mashindano ya jimu huku kwetu Kakamega bila kujiandaa na kushuka ngazi kulinishinda siku nne.

Mzee apewe mashine. Skii na kasia zinataka mtu mwenye utulivu, asiyekimbilia kwa nguvu mita 200 za kwanza akakufa, na watu wazima wanajua hio kazi kuliko vijana. Halafu mama wewe ndio uchukue nafasi ya tatu. Utavuta 78 badala ya 103, na gunia lako ni kilo 10. Kilo 10 ni pakiti tano za unga wa kilo mbili mbili. Jina lako hapa linasema wewe ni mama, basi mtoto wa miaka miwili ana kilo kama hizo ama zaidi na umembeba mgongoni ukipanda matatu. Hapo ndipo watu wanakosea kwenye mchanganyiko, wanaweka wanaume wawili kwa vituo vyote vizito kwa sababu ni wanaume, lakini uzito umeshapunguzwa kwa mwanamke, swali si nani ana nguvu zaidi, swali ni nani ana nguvu zaidi ukilinganisha na mzigo WAKE.

---

kocha_nyalenda

@shinyalu_runner ni ukweli, hapo umenishinda. Sikufikiria magoti ya mzee. Nafasi ya kwanza impate yeye, mama ashuke ya tatu.

---

mama_section58

Jameni asanteni sana, nimesoma hii nikiwa kwa foleni ya benki na nikajikuta natabasamu peke yangu. Sikujua kabisa uzito unatofautiana, tulikuwa tunaogopa bure. Nimemtumia dada ile hesabu ya dakika sita na amenijibu "basi nipeni hio sledi".

Maswali mawili tu yamebaki. Kupokezana kunafanyika vipi, kuna kijiti ama? Na tunafanyaje mazoezi kama jimu yetu haina sledi wala hizo mizigo za mkono?

---

bibi_wa_lanet

Sisi tulifanya rilei ya wanawake wanne mwaka jana, ya ukumbini pia, wacha nikueleze venye tulipotea ndio nyinyi msipotee.

Kijiti hakukuwa. Tulipewa bendi moja ya mkononi yenye chipu na hio ndio ilikuwa inapokezwa, na kulikuwa na sehemu imechorwa chini, ukipokeza nje ya hapo mnaongezewa muda. Mimi nilitoka kwa kasia nimechoka, macho hayaoni vizuri, nikafika pale na wa kwangu hayuko. Ukumbi una makelele, muziki, watu wote wamevaa nyeusi, nikazunguka nikiita jina lake na saa inaenda. Alikuwa ameenda choo kwa sababu alidhani bado niko mbali. Ilitukula karibu dakika moja na nusu, na timu yenye ilitutangulia ilitushinda kwa sekunde arobaini. Nililia usiku ule na sisemi hivi nimlaumu, hatukuwa tumepanga. Kwa hivyo pangeni: mwenzako akiingia kituo, anayefuata anasimama hapo kwa mstari, sio kwa viti. Vaeni rangi moja yenye inaonekana mbali, machungwa ama njano ya kuwaka.

Mizunguko mnahesabu wenyewe. Ukumbi ukiwa mdogo kilomita moja inaweza kuwa mizunguko minne, mitano, na ukichoka unasahau kama hii ni ya tatu ama ya nne. Vaa raba bendi mkono wa kushoto, kila mzunguko unahamisha moja kwenda kulia.

Kitu cha tatu, na hiki hakuna mtu alituambia. Kati ya zamu yako ya kwanza na ya pili kuna watu watatu. Kila mmoja akitumia dakika tisa hivi, unakaa karibu nusu saa. Mwili unapoa, miguu inakuwa kama si yako, na ile kilomita ya pili ndio inaumiza kuliko zote. Beba sweta, vaa ukimaliza, tembea tembea, usikae kwa sakafu kula mandazi. Mwenzako akianza kukimbia, yule mmoja kabla yako, wewe anza kuruka ruka polepole.

Mazoezi: jerikeni ya lita 20 ukiijaza maji lita 16 ni kilo 16, mbili ndio mzigo wako kamili wa mkono. Belo la unga lina pakiti 12 za kilo mbili, hio ni 24, moja kila mkono kwa wanaume. Kusukuma na kuvuta tulitumia taili la lori na kamba kwenye nyasi, ya kuvuta unasimama mahali pamoja unaivuta ije kwako, usitembee nayo. Sio sawa na sledi lakini mgongo unajifunza.

---

omondi_wa_dunga

Na mje mkijua Kisumu sio Nakuru. Nyinyi mko kama mita 1,850 juu, sisi huku tuko kama 1,130, pumzi mtakuwa nayo ya kutosha lakini joto litawatafuta, na ndani ya ukumbi ni mbaya zaidi. Kunyweni maji kuanzia jana yake, na fikeni siku moja mapema kama mnaweza.

Halafu mwambie kijana wa Molo asihuzunike kwa zile raundi mbili. Kampala 2017, mbio za nyika za dunia, rilei ya mchanganyiko ilikuwa wanaume wawili na wanawake wawili, kila mtu kilomita mbili, kama nyinyi tu. Asbel Kiprop na Beatrice Chepkoech walikuwa hapo na Winfred Mbithe na Bernard Koros, wakatuletea dhahabu, na hakuna aliitisha ya tatu.

---

mama_section58

Nimemsomea hio ya Kampala akanyamaza, halafu akauliza kama mwenye anamaliza ndiye huvuka mstari. Nikamwambia ndio. Amekubali nafasi ya nne.

Kwa hivyo ni mzee, dada, mimi, Molo. Mzee ameshaanza, jana alikaa kwa mashine ya kasia dakika ishirini bila kuharakisha na akashuka akaenda kuchukua chai. Jumamosi asubuhi tunaenda uwanja wa shule moja hapa karibu, na mimi ndio nabeba jerikeni. Taili bado hatujapata, kama kuna mtu anajua fundi hapa Nakuru mwenye ana lile kuukuu la lori anaweza kutuachia, aniandikie hapa.

---

bibi_wa_lanet

Langu liko nyuma ya nyumba, na kamba iko. Njoo na pikapu, ni zito hilo.