Mbolea ya 2,500: inamfikia anayelima ama mwenye shamba?

Wadau hebu tuongee hii maneno ya mbolea ya serikali na tuache siasa kando kidogo. Mimi niko Kayole, mathe analima huko karibu na Kitale, ekari mbili, moja yake na moja amekodi kwa 12,000. Mwaka wa 2022 mfuko wa kilo 50 ulikuwa umepita 6,000 madukani, Ruto akaingia akaondoa ile ruzuku ya unga ya Uhuru, ile ya pakiti ya kilo 2 kwa 100, akasema heri tumsaidie mkulima, mbolea ikashuka 3,500, mwaka uliofuata ikawa 2,500. Hapo sina neno, hiyo ni pesa imebaki kwa mfuko wa mtu.

Shida yangu ni inatua wapi. Unaandikishwa kwa chifu na ekari zako, halafu unangoja meseji ikuambie mifuko ni mingapi uende depo ya serikali kununua. Sasa ile ekari ya kukodi mwenye shamba alishaiandikisha kwa jina lake, na jamaa anaishi hapa hapa Nairobi, hajashika jembe tangu aoe, meseji inaingia kwake akiwa kwa matatu ya Utawala na mbolea yake anauzia broka. Mathe kwa ile ekari yake alipata meseji, akafika depo na kitambulisho, kumbe simu yake ya kabambe inboksi ilikuwa imejaa, kijana akafuta meseji zote ili ya M-Pesa iingie, na ya mbolea ikaenda nazo. Akarudi na nauli imeenda. Mvua ilikuwa imeshaanza, tukanunua kwa agroveti bei ya kawaida.

Jibu:
Pole kwa mathe lakini usichome mpango mzima juu ya simu moja. Huku kwetu mtu wa nusu ekari alikuwa anapanda na samadi tu, sasa anaweka mbolea ya kupanda, halafu CAN ya kukuzia juu. Na wewe wa Kayole unga unakula wa nani? Hao wenye mashamba makubwa, wa ekari 50, unaoonekana kuwachukia ndio wanajaza malori ya kuja Nairobi. Shida ilikuwa 2024, mbolea feki kwa stoo za serikali kabisa, bunge likapiga kura ya kumng'oa Linturi, waziri wa kilimo wakati huo, halafu kamati ya bunge ikasema hana kesi.

Jibu lingine:
Si watume tu pesa kwa simu kila mtu anunue anapotaka, depo za nini.

Mimi tena:
Pesa kwa simu? January hiyo ni fees, hata mimi ningelipa fees, tusidanganyane. Na sichukii mtu wa ekari 50, nasema meseji ifuate anayelima msimu huo, chifu si anajua nani yuko shambani, matanga yote anahudhuria. Nilimpigia huyo mwenye shamba wiki jana nikamwomba kwa heshima, mzee, msimu ujao hiyo meseji umtumie mama. Akasema hakuna shida kijana wangu, atatuma. Ila ekari sasa ni 15,000.